Mkeka wa Dada

Korosho zikichomwa, harufu yake hunirudisha kwenye mkeka wa dada. Alizaliwa na ngozi inayotoka malengelenge ikisuguliwa kidogo tu. Kila asubuhi mama aliyatoboa taratibu kwa sindano iliyochemshwa, akampaka mafuta, akamvisha gauni lililogeuzwa nje ndani ili mishono isimkwaruze. Mimi nilijivalisha mwenyewe, roho ikiniuma.

Siku moja nilijipaka mkononi mafuta makali ya ganda la korosho mbichi. Mkono ukaungua, ukatoka malengelenge. Nikaenda kujilaza mkekani, nikamnyooshea mama mkono.

Aliutazama, asiguse sindano.

“Kanawe, mwanangu. Ya kwako yatapona.”

Kila siku baada ya hapo, dada aliniomba nimwonyeshe mkono wangu unavyopona.