Ndege ya Ghala la Pamba

Watu wanaokuja kunipa pole hapa Kitaji, Musoma, hawachelewi kuuliza habari za ndege. Wanaanza vizuri, wananishika mkono, wanasema Mungu alimpenda zaidi, kisha swali linawatoka: eti ni kweli mliijenga wenyewe? Nawajibu kwamba ndiyo, tuliijenga mimi na marehemu mume wangu. Wengi hawaamini mpaka niwaonyeshe vidole. Mwalimu mstaafu wa jiografia nina makovu ya fundi bati.

Mume wangu alikuwa fundi wa ndege maisha yake yote ya kazi. Alifanya kazi Mwanza, akafanya Dar es Salaam, na mikono yake ilinuka mafuta hata Jumapili kanisani. Alitengeneza ndege za watu, akazikabidhi, akasimama pembeni kuzitazama zikiondoka. Alipostaafu akarudi Musoma, nilikokuwa nafundisha, nikategemea atafuga kuku kama wastaafu wenzake. Badala yake aliagiza ndege.

Ilikuja imefungwa kwenye makasha ya mbao, vipande vipande, na kitabu kinene cha maelekezo. Ndege ya viti viwili, mabawa yake yanakaa juu ya paa. Tulipofungua kasha la kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndani mlikuwa na mabati membamba ya alumini yaliyojaa matundu kama chekeche.

"Hii ndiyo ndege?" nikamuuliza.

"Hiyo ndiyo ndege, Mwalimu. Bado haijajua tu."

Aliniita Mwalimu tangu uchumba, nami nikamwita Fundi. Siku hiyo, akiwa bado ameshika mtaimbo wa kufungulia kasha, aliniambia anachotaka. Alitaka kuruka nayo mara moja. Rubani akae kushoto, yeye akae kulia, watoke Musoma mpaka juu ya Butiama, nyumbani kwa mama yake, kisha warudi. Baada ya hapo hata ikiuzwa, sawa. Alisema maisha yake yote alitengeneza ndege za watu, sasa anataka kupanda yake, hata kama ni kwa muda wa kunywa chai.

Sikumbishia, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba ugonjwa ule hukaza viungo polepole, na dawa zinaupunguza mwendo tu, haziuponyi. Kwa hiyo tangu msumari wa kwanza tulikuwa tunashindana na mwili wake. Mimi nilijua, yeye alijua, na hatukulizungumza.

Nyumba ya Kitaji isingetosha, tukapanga ghala la zamani la pamba kule Bunda. Pamba ilikuwa imeshaondoka miaka mingi, lakini nyuzi zake zilibaki juu kwenye mapau, na kila upepo ulipoingia zilishuka na kutua kwenye rangi mbichi. Mume wangu alizitukana kwa Kizanaki, lugha aliyoiweka akiba kwa matusi na kwa mama yake. Mimi nilizitoa moja moja kwa kibano cha nyusi.

Mwanzoni nilikuwa mtu wa kuleta chai na kushika taa. Kisha siku moja drili ilimteleza, ikachana bati zuri kabisa. Akaliweka pembeni, akanisogezea drili.

"Shika."

"Mimi?"

"Umefundishaga watoto wa watu kushika kalamu, si ndiyo? Na hii inashikwaga hivyo hivyo. Usiibane sana."

Basi nikawa mikono yake. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki na kitabu mapajani, akisema, nami nikitenda. Nilijifunza kupanga mabati tundu kwa tundu, kuyabana kwa ribiti, vile vipini vifupi vya chuma visivyotoka tena bila kutobolewa, na kusikiliza mlio wa ribiti iliyokaa vizuri. Alikuwa mkali. "Toa, rudia," ndiyo sala yake. Mara moja nilitupa koleo chini nikaenda zangu kula sato, nikamwacha ghalani na ndege yake. Niliporudi nilimkuta anajaribu kuokota lile koleo, vidole vinalipapasa bila kulishika. Nililiokota, nikarudia ribiti. Hata hivyo nasema kweli: sikuwahi kuwa na furaha katika ndoa yetu kama miaka ile ya ghalani. Kabla ya hapo nilikuwa na mume wa likizo. Bunda nilimpata mzima, kila siku, hata kama alikuwa anapungua.

Tulimaliza mwili wa ndege, tukafunga injini, tukaweka vioo, dira, redio na saa za kupimia mwendo na kimo. Mabawa yalipopandishwa ikabaki kazi moja ya mwisho juu ya paa. Kutoka kwenye bawa unakuja mpira mwembamba unaopeleka upepo mpaka kwenye saa ya mwendo. Unaunganishwa pale bawa linapokutana na paa, kisha unafunikwa kwa bati na ribiti. Mume wangu alikaa ndani, kwenye kiti cha kulia, akitazama juu kupitia uwazi ili ahakikishe mpira umekaa. Mimi nilipanda ngazi, nikalalia tumbo juu ya paa na drili mkononi.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia. Alikuwa ametoka Butiama kutuletea ulezi, na hakuna aliyemtegemea. Alisimama mlangoni na mzigo kichwani, akanitazama mimi juu, akamtazama mwanawe chini.

"Mkamwana," akasema taratibu, "unapandaje juu ya nyumba na mwenye nyumba yumo ndani?"

Kwao mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba ya mumewe. Paa likivuja ataita shemeji, ataita mtoto wa kiume, au atakinga beseni. Akipanda yeye, na mume yumo ndani, amemkalia kichwani, na watu wataanza kuhesabu kwamba nyumba haina tena mwanamume.

"Mama, hii siyo nyumba," mume wangu akasema huku anacheka. "Ni ndege."

"Ina mlango. Ina madirisha. Mmewekaga na viti. Sasa hiyo ni nini?"

Nilicheka na mimi, maana hoja ilikuwa nzuri. Lakini yule mama hakucheka. Alishusha mzigo, akakaa chini sakafuni palepale, akanyoosha miguu, akasema hatoki wala hanywi maji mpaka mmoja wetu aondoke, mimi juu au yeye ndani. "Anaumwa," akasema. "Mnataka nini tena?"

Nilimgeukia mume wangu nikitegemea amalize utani. Huyu ni mtu aliyeyacheka mambo hayo tangu ujana, aliyewahi kumwambia padri usoni kwamba mashetani yote aliyokutana nayo yalikuwa nyaya zilizochubuka. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. "Hebu nishushe, Mwalimu," akasema. "Nikae nje tu. Tusimuudhi mama." Sauti ilikuwa nyepesi, macho hayakuwa mepesi. Nilielewa palepale kwamba mume wangu anaogopa kufa, na kwamba ameogopa muda mrefu bila kuniambia. Iliniuma kuliko siku tuliyopewa jina la ugonjwa.

Nilishuka, nikamtoa. Ilikuwa kazi, miguu ilishaanza kugoma, na alishika alichoweza kushika akijivuta. Nikamkalisha juani nje ya mlango, karibu na mama yake. Nikapanda tena peke yangu. Alinielekeza kwa sauti kutoka kule, nami nikabana ribiti zote, zikalia vizuri. Mama mkwe akanywa maji. Tulikula ugali wa ulezi na dagaa, na siku ikaisha kwa amani.

Tulihamisha ndege kwa lori usiku, njia ikiwa tupu, mpaka uwanja wa Musoma, mabawa yakiwa mahali pake, ncha zimefungwa magodoro. Mkaguzi akaja kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye haraka. Alikagua siku nzima, akasifu ribiti, akauliza ni za nani, mume wangu akanionyesha kwa kidevu. Mwishoni mkaguzi akapuliza upepo taratibu kwenye kibomba cha bawani. Mshale wa saa ya mwendo haukutikisika. Akapuliza tena, vilevile.

Mpira ulikuwa umechomoka. Bila shaka ulichomoka siku ile mume wangu alipokuwa anajivuta kutoka kitini, akishika alichoweza. Kama angebaki ndani angeuona, kwa sababu alikuwa amekaa pale kwa kazi hiyo tu. Bila saa ya mwendo rubani hajui anatua kwa kasi gani, kwa hiyo ndege hairuki. Ilibidi bati litobolewe ribiti zote, na katika kutobolewa likapasuka. Bati jipya likaagizwa ng'ambo.

Nilimchukia mama mkwe kwa wiki kadhaa, kimyakimya, nikimpikia akija. Nilimkasirikia mume wangu pia. Nilitamani nimwambie, ungecheka tu, Fundi, kama ulivyocheka siku zote. Lakini mtu humwambiaje mumewe kwamba alikosea kuogopa?

Bati lilisafiri. Lilikaa bandarini, likaja la upande usio wake, likarudishwa, mvua za masika zikanyesha zikakata. Mwili wa mume wangu haukusubiri. Kwanza miguu ilikataa kabisa. Kisha shingo yake ikaanza kuinama, kila mwezi zaidi, mpaka kidevu kikagusa kifua na kukaa hapo. Alizungumza na magoti yake. Ukitaka akuone usoni ilibidi upige magoti mbele yake, nami nilipiga magoti nikimlisha uji, nikimwambia bati limefika Dar, bati liko njiani, bati limefungwa.

Ndege ikapita ukaguzi. Rubani akapatikana, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Akachuchumaa mbele ya mume wangu akamweleza kitu ambacho yeye fundi alikijua kuliko sisi wote: ndege mpya hairuki na abiria mpaka imalize saa zake za majaribio. Rubani peke yake kwanza.

"Naelewa," mume wangu akasema. "Na mimi ningemkataza mtu."

Daktari alikuwa ameniita pembeni wiki hiyohiyo. Nilijua saa hizo za majaribio hatazifikia.

Siku ya kuruka nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye nyasi kandokando ya uwanja. Mama mkwe alikuja na akina mama wa jumuiya yake kutoka Butiama. Walisimama mbali, nje ya uzio, kwa kuwa askari aliwakatalia. Injini ikawaka, ndege ikakimbia, ikaachana na ardhi, na vigelegele vikatoka uzioni. Nilikuwa napiga makofi na kulia, nikimwambia ona, Fundi, ona. Kisha nikamtazama. Alikuwa anatazama magoti yake. Kivuli cha ndege kilipita kwenye nyasi mbele ya viatu vyake, akakifuata kwa macho mpaka kikaisha.

Nilitandika kanga. Nikamkumbatia chini ya makwapa, nikamtoa kwenye kiti, nikamlaza chali, nikakunja sweta langu kushika kichwa. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa darasa la tatu. Na shingo yake ikiwa vile, ukimlaza chali uso ulielekea angani. Ndege ilikuwa inageuka kutoka upande wa ziwa, inarudi, nyeupe kabisa. Aliiona. Machozi yakamwingia masikioni.

"Mabawa yako hayo, Mwalimu," akasema.

Jua likamchoma macho. Nikachukua kanga ya pili, ile niliyojifunga, nikaishika juu ya paji lake kumkinga, na upepo wa ziwa ukaishusha, ikamfunika uso wote. Kule uzioni akina mama waliona mtu amelazwa chini na kanga usoni. Vigelegele vilikatika. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mama yake, akamwita kwa jina la utotoni, kisha wote wakaangua kilio.

Niliiondoa kanga haraka, nikainuka kuwapungia mikono, niwaambie ni mzima. Alinishika pindo la gauni kwa vile vidole visivyoshika kitu.

"Waache," akasema. "Wamewahi kidogo tu."

Nikakaa tena chini kando yake. Waliendelea kumlilia, naye akiwasikia, na juu yetu ndege ikazunguka mara nyingine na mtu mwingine ndani yake.