Mbinzo na Lengalenga

Harufu ya mbinzo wakikaangwa kwa mawese na kitunguu inanitia ubishi hadi leo. Wengine huwatoa udenda. Mimi hunirudisha jikoni kwetu Lubunga, nikiwa mtoto wa shule, mikono nimeikunja kifuani.

Tonton, kaka yake mama, alikuwa amefika kutoka Opala na mfuko wa mbinzo, wale viwavi wa msituni tunaowapenda Kisangani kuliko nyama. Zawadi ya namna hiyo haikataliwi. Lakini juma lile mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kiwavi akiachwa hugeuka kipepeo, nami nilikuwa nimeshaapa kutowala tena. Sahani ilipowekwa, niliisukuma.

"Mi sikuli. Hii ilikuwa iwe kipepeo."

Mama aliona aibu mbele ya kaka yake. Tonton alicheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akaelekeza kidole kwenye bakuli la lengalenga, mboga tuliyoilima nyuma ya nyumba.

"Bon, na hii? Ilikuwa itoe maua, mama yako akaikata. Mbona unaikulaka? Kipepeo na maua, tofauti iko wapi?"

Nilinaswa. Ila kushindwa sikutaka kabisa, basi nikasukuma na lengalenga.

"Alors, utakula fufu tupu," mama alisema.

Na nilikula fufu tupu, ule ugali wetu wa muhogo, kwa chumvi, msimu mzima wa mvua, nina njaa na kiburi changu.

Mvua zilipopungua niliona mstari mmoja wa lengalenga bustanini haujakatwa. Ulikuwa umerefuka na kutoa mashada mekundu. Nikajitapa kwa wenzangu kwamba mama kasalimu amri. Masikini mimi! Mama alikuwa anatunza mbegu, kama alivyofanya kila mwaka.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba tonton alilinganisha vizuri, ila aliishia nusu njia. Lengalenga tunaiachia mstari wake izae. Mbinzo je? Siku hizi watu wanaangusha mti mzima ili wawafikie walio juu, halafu sokoni tunashangaa wanavyoadimika. Inaniudhi, na siwezi kujifanya hainiudhi.

Lengalenga nakula sasa, tena naomba kuongezewa. Mbinzo, hapana. Wenyeji wangu wakininung'unikia kwamba nina dharau, nawauliza, "Na ule muti, muliukata ao muliuacha?" Wanajisogezea sahani ya mbinzo. Basi nami nanawa mikono, na kama lengalenga haipo, nakula fufu tupu.