Mama wa Luteni Yuko kwenye Laini

Shangazi yangu alipenda umbea tangu utotoni, na serikali ya wakoloni, ambayo haikuwahi kutupa kitu kizuri kwa makusudi, ilimpa kwa bahati mbaya kazi iliyomfaa kuliko zote duniani. Ilimkalisha kwenye swichibodi ya simu. Siku hizo hukuweza kumpigia mtu moja kwa moja. Uliinua mkono wa simu, akaitikia msichana wa posta, ukamtajia unayemtaka, naye akachomeka waya kwenye tundu lake. Sheria ilisema akishaunganisha atoe sikio. Shangazi alisema sikio si meno ya bandia, halitoki.

Yeye na wenzake walikaa ghorofani, kwenye viti virefu visivyo na mgongo, mbele ya ubao uliojaa matundu kama uso uliougua ndui. Feni ilikuwa moja, nayo ilimwelekea msimamizi, mzungu aliyevaa soksi mpaka magotini na kuamini kwamba ndizo zilizompa cheo. Wasichana walifundishwa kusema "Nambari, tafadhali" kwa sauti ya mtu aliyeshiba, hata kama hawajatia kitu tumboni tangu jana.

Uhuru ulipokuja, Shangazi aliusikia kabla hajauona. Watu walicheza barabarani, bendera ikapanda, lakini yeye alijua mambo yamebadilika pale alipoacha kuitwa "wewe msichana" akaanza kuitwa "ndugu." "Ndugu, unganisha upesi, mjinga wewe!" Waliohamia kwenye nyumba za wakubwa walizikuta simu mezani, wakawa wanapigiana jirani kwa jirani kuulizana kama simu inafanya kazi. Ukimpigia mtu wa mtaa wa pili, ulisema kawaida. Ukimpigia wa mkoa mwingine, ulipaza sauti, maana ni mbali. Wachumba waliozoea kununiana kwa barua miezi mizima sasa waligombana na kupatana kabla ya chakula cha mchana. Na habari ya msiba, iliyokuwa ikitembea kwa miguu na kufika imechoka, ikawa inamkuta mtu kikombe cha chai mkononi. Shangazi alijifunza kumwambia, "Kaa chini kwanza," ndipo achomeke waya.

Mume naye alimpata humo humo. Alikuwa fundi wa nguzo. Akishapanda juu kupima laini, alimpigia: "Halo, unanisikia?" "Nakusikia." "Vizuri?" "Vizuri." Mapenzi yao yalikwenda hivyo kwa muda mrefu bila neno la nyongeza. Siku Fundi alipojikaza akauliza, "Umeolewa?" nusura aanguke na nguzo yake.

Basi ikaja asubuhi ile ambayo redio iliamka ikipiga muziki wa gwaride. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amekaa, buti zikapanda ngazi. Akaingia luteni na askari wachache. Alikuwa kijana, ndevu zake bado ziko kwenye majaribio.

"Serikali imepinduliwa," akatangaza. "Chomoeni nyaya zote!"

"Nikichomoa zote," Shangazi akamwuliza, "wewe na wakubwa zako mtaongea kwa filimbi?"

Luteni akafikiri. Hilo hawakulipanga. Akaamuru ibaki laini ya kambini na nyingine moja ya akiba, akawafungia wasichana wengine kwenye chumba cha betri pamoja na msimamizi mpya, safari hii Mwafrika mwenzetu, ila soksi zilikuwa zile zile. Shangazi akaachwa kwenye ubao. Kanali wa mapinduzi akapiga kutoka kambini, akatoa amri, akataja majina ya watu waliokuwa upande wake na ya wale aliotumaini tu watakuwa. Shangazi akayasikia yote.

Kisha kambi ikanyamaza. Luteni akazungukazunguka, akachungulia dirishani, mwishowe akaja na sauti iliyoshuka cheo.

"Dada, unaweza kunipatia zahanati ya kijijini kwetu? Mama anafanya usafi pale."

Mama akaitwa, akaja akihema.

"Mama, ni mimi. Tumepindua serikali."

"Mmepindua nini?"

"Serikali, mama."

"Nani kakutuma?"

"Kanali."

"Kanali ndiye aliyekuzaa? Na umekula?"

"Bado, mama."

"Unapindua serikali na hujala! Irudisheni mlikoitoa, uende ukale."

Shangazi alijibana, lakini kicheko ni kama kikohozi. Kikamtokea puani.

"Nani huyo anacheka?" mama akauliza. "Ndio hao mnaowapindua?"

Luteni akageuka, na bastola ikageuka naye. Shangazi akaongea kwenye simu, "Ni mimi, mama, msichana wa posta. Mwanao amenielekezea bastola."

"Wewe!" Mama alipiga ukelele hata askari wa mlangoni wakamsikia. "Weka chini hicho kitu! Nimesema weka chini!"

Akaweka. Akakaa sakafuni, akavua kofia, akalia kama mtoto, huku askari wake wakiitazama dari kwa makini kama mafundi waliokuja kuipaka rangi. Mama hakukata simu. Alibaki pale akimsimulia habari za paa linalovuja, mbuzi aliyezaa mapacha, na mwalimu fulani aliyeoa tena bila haya, mpaka jeshi la upande wa serikali lilipopanda zile ngazi na kumchukua Luteni. Hakuna risasi iliyolia. Shangazi ndiye aliyemwambia mama kwamba mwanawe yuko hai, na mama akamjibu, "Ahsante, mwanangu. Lakini usicheke tena watu wakiongea."

Wiki iliyofuata aliitwa kwenye ofisi isiyo na kibao mlangoni. Wanaume wawili wakampa soda. Kanali alikuwa ametoroka nchi, na walitaka kujua aliowataja.

Sasa huyu ndiye mwanamke aliyeutangazia mji mzima kwamba mwenye duka la vitambaa ana nywele za kubandika. Wale mabwana waliamini watapata majina kabla soda haijaisha.

"Nilimsikia mama akimwuliza mwanawe kama amekula," akasema.

"Na kabla ya hapo?"

"Nilitoa sikio. Ndiyo sheria."

Wakamzungusha maswali, wakamtisha, wakamnyang'anya soda. Hakuwapa hata herufi. Aliporudi nyumbani alitapika uani, Fundi akamshika mgongo, naye hakuambiwa kitu. Sisi wapwa tumejaribu miaka yote kwa maswali ya mtego na zawadi za khanga. Mara moja tu alinijibu: "Umbea ni wa kuchangamsha watu. Ule ungewazika."

Adhabu yake ilikuwa kuhamishiwa dirisha la stempu, ambako aliteseka sana, kwani barua haziongei. Luteni alifungwa, akaja kutoka kwa msamaha, na sasa anauza mbao. Siasa hataki hata kuisikia redioni.

Baadaye ukaja mtambo unaounganisha simu wenyewe. Mtaalamu akaeleza kwamba utafanya kazi ya wasichana wote bila kuchoka wala kusikiliza. "Bila kusikiliza?" Shangazi akasema. "Si afadhali kulala." Wakampunguza kazini pamoja na wenzake wa zamani, wakampa cheti na saa ya ukutani, akaenda nyumbani na Fundi, ambaye nguzo zake nazo zilikuwa zinang'olewa.

Siku hizi anakaa barazani. Wapita njia wanaachana na wachumba wao, wanawadanganya waajiri wao na kusengenya wakwe zao kwa sauti kubwa, simu mikononi. Inamkera. Anasema umbea umekuwa kama maji ya bomba, hauna tena utamu wa kuchotwa kisimani.

Simu yake tulimnunulia sisi, na tunajuta. Juzi alinipigia nikiwa kazini.

"Niko mkutanoni, Shangazi."

"Wa nini? Na nani huyo anaongea hapo nyuma? Sauti yake ni ya mtu muongo."

Alikuwa mkurugenzi. Nikakata simu haraka. Akapiga tena.