Jina la marehemu bwana yangu chini ya picha za ziwa

Admin, toa jina langu na la chuo, mengine yaache namna nilivyoyaandika. Sina nguvu ya kuyapamba.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mujane, ninakaa hapa Kalemie na watoto wangu wawili. Kazi yangu ni kuandika na kupanga mémoire za wanafunzi, vile vitabu vya kumalizia chuo, kwenye kompyuta. Inachosha macho na mugongo, lakini hiyo njo inatulisha. Bwana yangu alikuwa mupiga picha. Ndoa, ubatizo, komunyo, alipiga zote, lakini kwa roho yake mwenyewe alipenda kupiga ziwa. Kila mwaka mvua ikizidi na maji yakipanda mpaka ndani ya nyumba za watu, alivua viatu, akaingia majini, akasimama palepale aliposimama mwaka uliopita, akapiga. Mimi nilikuwa ninamugombeza bure. Sasa hayupo.

Mudogo wake, ambaye watoto wangu wanamuita baba mudogo, njo alisimama na sisi. Simusemi vibaya. Yeye njo analipa minerval ya shule ya watoto, yeye njo anakimbia hospitali mutoto akiugua. Siku ya kuondoa matanga wazee waligawa vitu vya marehemu kama desturi yetu ilivyo, nguo huku, redio kule, na kamera wakamupa yeye. Hakuna aliyenung'unika, hata mimi.

Sasa baba mudogo anamaliza masomo ya jeografia, na mémoire yake inahusu maji ya ziwa yanavyopanda. Picha zote zilizomo ni za kaka yake. Aliniletea akasema, "Mama Rehema, unipangie vizuri, direkta, mwalimu anayenisimamia, ni mukali. Chini ya kila picha anataka maelezo na imetoka wapi, na mbele anataka orodha ya picha zote." (Jina la mutoto nimelibadilisha.) Orodha alikuwa ameshaiandika mwenyewe, na kila aliposogeza picha namba zilivurugika, akaanza tena kuhesabu kwa kidole. Nikamuambia aachane nayo. Mimi ninatumia LaTeX, programu ambayo unaandika maelezo mara moja chini ya picha, na yenyewe inatoa namba na kujaza orodha ya mbele. Ukihamisha picha, orodha inajirekebisha.

Pale pa kusema picha imetoka wapi alikuwa ameacha wazi. Nikaandika jina la marehemu. Yeye njo alipiga, ningeandika nani mwingine?

Nilipomutolea kurasa alifungua orodha kwanza. Kwa sababu orodha inachukua maneno yaleyale ya chini ya picha, jina la kaka yake lilikuwa limeshuka ukurasa muzima, mustari kwa mustari. Akaupitisha kidole juu mpaka chini, halafu akaniuliza, "Mama Rehema, jina la kaka linafanya nini hapa?"

"Ni picha zake, baba mudogo."

"Ni picha za kamera yangu. Wazee walinipa mbele yako. Walimu wa jury wataniuliza, wewe ulienda kuchunguza nini kama kila picha ni ya muntu mwingine? Andika 'uchunguzi wetu', kama wenzangu wote wanavyoandika."

"Lakini wewe hukusimama kwenye yale maji."

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Akasema, "Watoto wake ninawabeba mimi. Na mimi nikibebwa kidogo, ni vibaya?"

Nikakusanya zile kurasa, nikamuambia arudi kuziona tena.

Jina lile nililiweka mahali pamoja tu, mwanzoni mwa faili, na programu njo inalipeleka chini ya kila picha. Nikifuta ule mustari mumoja, bwana yangu anatoka kitabu kizima. Nilikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima, chai ikapoa, sikuufuta.

Basi nikafanya ujanja. Programu inakubali maelezo ya namna mbili, mafupi yanayokwenda kwenye orodha, na marefu yanayobaki chini ya picha. Kwenye mafupi nikaandika mahali na mwaka, basi. Kwenye marefu jina limebaki. Baba mudogo akarudi, akasoma orodha, akafurahi. "Aksanti sana, shemeji. Sasa imekaa vizuri." Ndani hakufungua. Picha zile amezizoea, hana tena hamu ya kuzitazama. Kesho anakuja kuchukua faili apeleke kuchapisha.

Nimechoka, ndugu zangu. Nikiacha jina, atalikuta siku ya kutetea mémoire yake, mbele ya jury na familia nzima, na atajua ni mimi niliyemufanyia, mimi anayenilishia watoto. Akiacha kulipa minerval sitakuwa na wa kumulalamikia. Nikimuambia leo, atataka nifute mbele ya macho yake. Nikifuta mwenyewe kimya kimya, amani itabaki nyumbani, na mimi njo nitakuwa nimemutoa bwana yangu kwa mukono wangu.

Rehema alikuwa mudogo sana baba yake alipofariki. Majuzi aliniomba picha yake, nikatafuta nyumba nzima. Yeye alikuwa anapiga wengine, hakuna aliyemupiga. Tuliyo nayo ni ile ya kadi ya uchaguzi tu, na uso umefifia. Basi nikamufungulia mémoire, nikamuonyesha ziwa. Alisoma jina lililo chini, herufi kwa herufi, halafu akaitazama tena picha na kuniuliza, "Baba alikuwa hapa?" Nikamuambia ndiyo, hapa njo alisimama.

Kesho asubuhi baba mudogo atagonga mulango. Nyinyi mungekuwa mimi, mungemupa faili lipi? Nishaurini.