Kikombe Nilichokisawazisha

Bibi yangu alikaanga kabalagala nyumbani kwake Mbale, chini ya mlima Wanale, kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Ni vikate vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, na vyake havikunywa mafuta wala kupasuka. Kipimo chake kilikuwa kikombe kimoja cha bati. Mkono wake wa kulia ulipoanza kufa ganzi, niliogopa kwamba siku moja hataweza kupika na hakuna atakayejua alivyokuwa akifanya. Nikatoka Jinja na mzani mdogo wa betri, niviandike vikombe vyake kwa gramu.

Alijaza unga kama wanavyojaza wauzaji sokoni Mbale: kikombe kikifurika wanaongeza, mpaka kilele kisimame juu ya ukingo. Nikachukua kisu nikakikata kile kilele.

“We, unachinja unga?” akauliza.

“Nasawazisha, Bibi. Lazima vikombe viwe sawa.”

“Sawa na vya nani?”

Nilimwonyesha jedwali kwenye simu: kikombe cha unga huwa bapa, gramu mia na ishirini. Halikusema unga wa nini, wala kikombe cha wapi. Mimi niliyebishana na wahadhiri, niliyemuuliza imamu maswali mpaka akaniomba nikae, jedwali hilo sikuliuliza chochote.

Bibi alinitazama kidogo, akacheka. “Haya, msomi.” Kikombe cha pili alikipangusa mwenyewe kwa kiganja, kikawa bapa. Cha tatu pia. Nilifurahi. Nilidhani ameelewa, kumbe alikuwa ananistahi, kama mtu anavyomstahi mgeni. Kabalagala za siku ile hazikutoka vizuri, akasema ndizi zimeiva mno. Nami nikaandika: ndizi zimeiva mno.

Mzani haukuwa na kosa. Ungeupima unga wake wote, kilele na vyote, nami leo ningekuwa na kipimo chake.

Baada ya Ramadhani kiharusi kilimshika upande wa kulia. Nilijaribu kupika nyumbani kwangu Mafubira, huko Jinja, mara nne, nikifuata daftari langu gramu kwa gramu. Donge lilikuwa jepesi, likatawanyika kwenye mafuta. Niliongeza unga kwa kukisia; zikatoka ngumu. Mwishowe nilikwenda Mbale nikapika mbele yake. Alimega kidogo, akatafuna polepole.

“Hizi za Jinja,” akasema, na nusu ya uso wake ikacheka.

Nikamwekea bakuli la unga mapajani na kile kikombe katika mkono wa kushoto. “Nijazie, Bibi. Jaza unavyojaza wewe.”

Alichota. Kikombe kikainama, unga ukamwagika juu ya leso yake. Akachota tena, ukamwagika tena. Nikamuuliza kilele kilikuwa kinafika wapi: kidole kimoja juu ya ukingo? Viwili?

“Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa sitazami. Mkono ndio uliokuwa unajua.” Kisha akaniangalia kwa wasiwasi, kama aliyesahau kitu mahali. “Lakini wewe si uliandika siku ile? Uliandika vyote.”

“Niliandika, Bibi.”

“Basi,” akasema, akatulia, akanirudishia kikombe.

Nikapiga magoti nikaanza kumkung’uta unga kwenye leso.