Mikono Niliyoipeleka Minnesota

Kwa miaka minne niliwadanganya watu kuhusu mikono yangu. Nilisema nimebanwa na mlango wa gari. Nilisema nimepiga taipu mno. Mwanafunzi aliyeniona nikishika chaki kwa ngumi, kama mtoto wa chekechea, nilimwambia ndiyo mbinu mpya ya kufundisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa na baridi yabisi, na si ile inayokuja na mvua na kuondoka na jua. Yangu ni ile ambayo kinga ya mwili inavigeukia viungo vyake yenyewe na kuvila. Ilinianza nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na kila asubuhi nilihitaji saa nzima kabla vidole havijakubali kufunga kifungo. Nimeandika makala nyingi magazetini kuwakemea viongozi wanaoficha mambo. Sasa mnajua niliziandika kwa mikono ipi.

Januari 1996 nilishindwa kusahihisha mitihani. Kalamu ilianguka, nikaiokota, ikaanguka. Nikairusha ukutani, na hata kuirusha kuliniumiza. Nikampigia simu mdogo wangu Neema, anayeuguza wazee huko Minneapolis, naye akanitafutia daktari wa viungo. Pale chuoni Morogoro niliaga kwamba nakwenda kumsalimia mdogo wangu.

Amsterdam, asubuhi. Nilikuwa na saa tano za kusubiri ndege ya pili. Bibi mmoja wa Kizungu, umri wake si chini ya miaka themanini, aliniona nikihangaika na begi akataka kunisaidia. Nilimshukuru, nikakataa, kisha nikalisukuma begi kwa mguu uwanja mzima kama mchezaji mpira aliyestaafu.

Columbia Heights, kitongoji cha Minneapolis anakoishi Neema, Jumanne jioni. Theluji ilikuwa imerundikana hadi madirishani. Neema alinivua glavu mlangoni, akatazama vidole, akasahau kunikaribisha.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Na shemeji?"

"Anajua habari ya mlango wa gari."

Hakucheka. Alisema kazini kwake kuna vikongwe wenye mikono mizuri kuliko yangu, akaenda kuchemsha chai huku akivibamiza vikombe.

Kliniki, Alhamisi. Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mpole. Alinipa mkono, nikaupokea. Aliniuliza hali, nikajibu nzuri. Ningejibuje? Kwetu hata aliyebebwa kwenye machela hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme mguu umevunjika. Kosa langu ni kwamba sikufika kwenye mguu. Aliponitaka nitaje maumivu kwa namba, kuanzia moja hadi kumi, niliona kumi ni ya mtu anayegaragara sakafuni, na mimi nilikuwa nimekaa vizuri, nimechana nywele. Tena asubuhi ile nilikuwa nimemeza vidonge vya maumivu mara mbili ya kawaida ili nisimwaibishe Neema. Nikasema tatu. Akaandika tatu. Akanipa dawa za kutuliza na kuniambia tungoje miezi sita tuone.

Chumba cha pili, mtaalamu wa mikono alinichovya vidole kwenye nta ya moto, akanifunga taulo. Kwa dakika ishirini hakuna kilichoniuma. Badala ya kufurahi nilishikwa na hasira hadi machozi, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba inawezekana kutoumwa. Nilirudi nyumbani nikimlaumu daktari njia nzima, kana kwamba ndiye aliyesema tatu.

Jumapili, Saint Paul, mji wa jirani. Kanisa la kuazima, ibada ya Kiswahili, Watanzania wachache na Wakenya wengi. Mnajua ibada yetu inavyokwisha: anayetoka anawapa mkono wote waliotangulia, kisha anajipanga mwisho wa mstari ili naye apewe. Kwa sababu ya baridi mstari ulipangwa ukumbini, chini ya kanisa. Nilihesabu watu thelathini na wanane, wote wenye upendo. Kufika wa ishirini nilikuwa nauma meno. Wa ishirini na moja alikuwa Mkenya mnene, mwenye furaha, aliyeushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kuutikisa.

"Niache, mshenzi wewe," nikasema, na ukumbi mzima ukasikia.

Neema alifumba macho. Yule bwana hakukasirika. Kumbe naye kazi yake ni kuuguza. Aliugeuza mkono wangu taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Hii mkono imefura, mama. Daktari ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tatu."

"Tatu? Mimi umeniita mshenzi. Hiyo ni tisa."

Jumatatu Neema aliacha shifti yake akanirudisha kliniki. Nikasema tisa. Daktari aliweka kalamu chini, akauliza kwa nini mara ya kwanza nilisema tatu. Nilimjibu kwamba alikuwa amenisalimia kwanza. Hakuelewa, lakini aliandika tisa.

Dawa aliyoniandikia safari hii humezwa mara moja tu kwa juma, na inaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee kula mifupa. Inaweza pia kuliharibu ini kimyakimya, kwa hiyo lazima damu ipimwe kila mwezi. Daktari alinipa kichupa cha vidonge na barua, akanionya nisimeze hata kimoja mpaka nipate daktari wa nyumbani atakayekubali kunipima. Neema alitaka nibaki. Aliuliza nafuata nini Morogoro, chaki? Tuligombana siku mbili. Mume wangu yuko Morogoro, na darasa langu liko Morogoro. Nilitaka mikono ipone huko ninakoitumia.

Morogoro, mwanzoni mwa Machi. Nilimwambia mume wangu ukweli. Siku ile alikula peke yake, na alikuwa na haki. Barua niliituma kwa daktari mmoja Dar es Salaam. Siku kumi na moja kichupa kilishinda mkobani na kulala mezani, mimi nikikitazama, vidole vikizidi kupinda. Nilichojifunza Minnesota si kikubwa: heshima niliyokuwa nailinda haikuwa na haja na mimi, na ilikuwa inanila pamoja na ugonjwa.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, simu ililia ofisini kwa karani wetu, Bi Zuhura. Wahadhiri watatu walikuwa wamepanga foleni wakisubiri karatasi. Laini ilikuwa mbaya, daktari wa Dar es Salaam hanisikii.

"Unaumwa nini hasa, mama? Paza sauti."

Nikawatazama wale watatu.

"Baridi yabisi," nikapiga kelele. "Mikono yote miwili. Miaka minne."

"Sawa. Damu nitakupima mimi, kila mwezi. Anza leo, wiki ijayo njoo. Utakuja?"

"Nitakuja."

Nikakata simu, nikatoa kichupa mkobani, nikamwomba Bi Zuhura anifungulie.