Kufukua na Kufukia

Gari lenye kipaza sauti lilipita mtaa wa Makina asubuhi likitangaza kwamba Dam, bwawa lililo chini ya mtaa, itafukuliwa. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Aliweka kisu chini, akaingia ndani, akatoa shuka jeupe sandukuni. Kwake neno lile lilikuwa na maana moja tu: kaburi linafunguliwa.

Hakukosea sana. Kaka yangu mkubwa yumo humo. Wakati alipozama, magugu maji yalikuwa yamefunga Dam yote, kijani kibichi, hata mbuzi walidhani ni malisho, na vijana walikatiza juu yake kwenda ng'ambo. Yeye hakufika. Watu walimtafuta mpaka wakachoka. Kwetu ziwani, mtu akimezwa na maji asionekane, tunazika tunda la yago mahali pake, refu na zito kama mkono wa mtu. Tulilizika, mchungaji akaomba, shangazi zangu wakalia. Mama hakulia. Alisema hawezi kulilia tunda.

Tangu hapo mimi sikai mahali. Nimepanga Sarang'ombe, nikapanga Riruta, sasa ni Kawangware, na kila chumba nilichokihama nilisingizia majirani. Niliposikia Dam wanataka vibarua, nilirudi. Sikumwambia mtu sababu.

Mashine ilielea ikinyonya tope kutoka chini, ikalisukuma kwa bomba hadi katikati ya maji, ambako tulikuwa tumepanga mawe kwa duara na kutandika plastiki nzito. Tope lenyewe lilikuwa limejaa kinyesi na sumu za viwandani, na hakuna mtaa uliokubali lije kumwagwa kwao. Basi likajengewa kisiwa chake palepale. Mimi nilisimama penye mdomo wa bomba na reki, nikiondoa matambara na chupa. Kila kilichotoka nilikigeuza mara mbili. Wenzangu wakanibandika jina la Mvuvi.

"Mvuvi, leo ni kambare ama mbuta?" waliniuliza. "Nyinyi watu wa ziwa hata kwa matope mnatafuta samaki."

Nilicheka nao. Niliokota viatu vingi, sufuria, mdoli asiye na kichwa. Mifupa ilikuwa ya mbwa na ya ng'ombe, nilijifunza kuitofautisha.

Mama alikuja kazi ilipokaribia kwisha, shuka kwapani, nami nikavuka hadi ukingoni na reki yangu. Fundi mkuu, mzee kutoka mkoa wa Magharibi mwenye sauti ya kwaya, alimkuta ukingoni akamuuliza shida yake. Mama alimweleza yote, kisha akauliza kama mwanawe ameshafukuliwa. Fundi alivua helmeti. Alimwambia taratibu kwamba tope la kila upande linachanganyika ndani ya bomba, na hata angetaka kumwonyesha lililotoka pale kijana alipozama, hangeweza.

"Hapa tunafukua, mama," alisema. "Pale tunafukia."

Mama alikitazama kile kisiwa. "Mtakihamisha lini?"

"Hakihami. Tunafunika na plastiki, juu tunaweka mchanga, halafu nyasi. Hakuna mtu ataruhusiwa kuchimba. Iko na sumu."

"Hata serikali ingine ikija?"

Fundi alitaka kucheka, akaona Mama hacheki. "Hata hiyo."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Halafu akaanza kulia, amesimama, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyepokea habari asubuhi hiyohiyo. Wanawake waliokuwa wakikata mboga za sukuma kando ya maji waliacha visu wakaja kumshika bila kuuliza. Alipotulia, alinigeukia mimi na reki yangu.

"Wacha kumchokora, nyathina," alisema. Mwanangu.

Nilimwambia sawa.

Siku ya kufunika tulikuwa watu wengi, kila mmoja na ncha yake ya plastiki, tukienda kinyumenyume kama watu wanaotandika kitanda kikubwa. Tuliivuta ikakaa, nyeusi, imelala sawa. Kisha karibu na miguu yangu ikainuka polepole, mviringo kama bega, ikasogea kidogo kuelekea upande wangu, ikatulia.

Fundi aliniita kutoka ng'ambo. Alisema ni gesi tu ya tope, nikanyage itoke.

Kibarua aliyekuwa kando yangu alinitazama, akanitazama tena. "Mvuvi, si unaambiwa ukanyage?"

Sikukanyaga. Nilishikilia ncha yangu mpaka vidole vikafa ganzi, nikingoja kama itasogea tena.